Mama anakuja kutoka Muheza: nimpeleke Wells au Salisbury?

Neema_Bristol

Habari za humu ndani wapendwa. Naomba mawazo kwa wanaoujua mkoa wa Somerset hapa Uingereza na maeneo ya jirani.

Mama yangu anakuja kunitembelea mwezi wa tano akitokea Muheza. Ni Mwanglikana aliyelelewa misheni ya Magila, ameimba kwaya tangu usichana, sauti ya pili, na mpaka leo akiwa jikoni utamsikia anaimba zaburi. London tutakwenda kwa sababu ya ndugu tu, misongamano haipendi. Alichoniomba ni hiki: "Nipeleke kanisa la zamani la Waingereza, nikae ndani nisali, nisiishie kupiga picha mlangoni."

Nitakuwa na mapumziko Jumatano. Sina gari, naishi Bristol. Mimi nilifikiria kanisa kuu la Wells, mwenzangu kazini anasema la Salisbury. Magoti ya mama yanamsumbua, ngazi ndefu haziwezi, ila tambarare anatembea vizuri mradi apate pa kupumzikia. Je, Wells inatosha kwa siku nzima au ni kijiji tu? Usafiri wa basi ukoje? Na mgeni anaruhusiwa kuingia ibadani? Natanguliza shukrani.

Kaka_Wiltshire

Dada Neema, kura yangu Salisbury. Kuna treni ya moja kwa moja kutoka Bristol, hamhangaiki kubadilisha, na stesheni haiko mbali na kanisa. Mnara wake una mita 123, hakuna kanisa Uingereza lenye mnara mrefu zaidi. Jengo kuu lilijengwa kati ya 1220 na 1258, kwa hiyo ukiingia unaliona limetoka mkono mmoja, halina viraka vya karne hii na ile. Halafu wana Magna Carta, ile hati ya kale ya haki ya 1215, moja ya nakala nne zilizobaki duniani. Wells ni pazuri, sikatai, lakini treni haifiki kabisa, stesheni yao ilifungwa miaka ya 1960. Kusubiri basi na mzee kwenye mvua si jambo la kupendeza.

Mama_Tumaini

Neema mwanangu, mpe mama shikamoo yangu. Mimi ni mtoto wa Masasi, kwa hiyo kikanisa sisi ni ndugu wa damu, sote tumelelewa na UMCA, wale wamisionari wa Kianglikana. Nafanya kazi ya kutunza wazee huku Somerset na Wells ndipo ninapokwenda nikipata nafasi.

Kaka hapo juu amesema kweli tupu kuhusu Salisbury. Lakini wewe umeandika kwamba mama ni mwanakwaya. Mtu aliyeimba maisha yake yote mpeleke Wells, kwa sababu sehemu kubwa ya mji ule ilijengwa kwa ajili ya waimbaji, na waimbaji bado wapo.

Upande wa kaskazini wa kanisa kuna lango. Mkipita chini yake mnatokea Vicars' Close, mtaa mmoja wa nyumba za mawe zilizopangana pande mbili, kila nyumba na dohani lake refu linalopanda juu ya paa. Askofu Ralph wa Shrewsbury aliuanzisha mwaka 1348. Waimbaji wa kanisa walikuwa wakiishi huku na kule mjini, yeye akataka wakae pamoja, karibu na kazi yao. Kila mmoja alipewa nyumba yake, chumba cha chini na chumba cha juu, na mwanzoni mwa mtaa wakajengewa ukumbi wa kulia chakula. Zamani hizo hawakuoa. Baada ya Matengenezo ya Kanisa walipokubaliwa kuoa, nyumba mbili mbili zikaunganishwa ili familia zienee. Na leo watu wazima wanaoimba katika kwaya ile bado wanaishi mle mle! Nimewahi kupita jioni moja nikasikia mtu anapasha sauti nyuma ya dirisha, anapanda na kushuka ngazi ya sauti, anarudia pale pale panapomshinda. Nilisimama kumsikiliza kama mtu aliyeitwa jina lake.

Angalia pia juu ya barabara hapo langoni. Kuna daraja la mawe lililofunikwa, wanaliita Chain Gate. Askofu Bekynton alianza kulijenga mwaka 1459 ili waimbaji watoke kwenye ukumbi wao waingie kanisani bila kunyeshewa na bila kupita katikati ya watu. Mimi nimeona parokia ambako kwaya inavalia majoho nje chini ya mwembe. Kwa hiyo nikiangalia daraja lile naona heshima kubwa mno kwa watu wanaomwimbia Mungu.

Sasa uso wa kanisa, ule wa magharibi. Sanamu kama 300 za Enzi za Kati bado zimesimama pale, wafalme, maaskofu, mitume, zimepangwa safu juu ya safu, zote za jiwe la Doulting lililochimbwa kilomita chache tu kutoka hapo. Wengi wanapiga picha wanaondoka. Wewe mwambie mama aangalie safu za chini, kwenye malaika. Nyuma yao, ndani ya ukuta, kuna njia nyembamba ya siri yenye matundu yanayotokea nje. Waimbaji walisimama humo wakaimba, hasa kwenye maandamano ya Jumapili ya Matawi, na waliokuwa uwanjani wakasikia kana kwamba malaika wa mawe ndio wanaoimba. Fundi aliyechora ukuta ule aliwafikiria waimbaji kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Ndani mtaona matao makubwa yanayokutana kama mkasi uliofunguliwa, moja juu limegeuzwa, moja chini. Wengine wanadhani ni pambo la siku hizi. Sivyo. Mnara uliongezwa urefu kuanzia 1313, uzito ukazidi, msingi ukaanza kutitia na kuta zikapasuka. Kuanzia 1338 mwashi mkuu William Joy akajenga matao yale pande tatu chini ya mnara kuubeba, na mpaka leo haujaanguka. Mama akae benchi la katikati ayaangalie bila haraka.

Kisha mzunguke upande wa kusini mtafute vichwa vya nguzo. Kuna mtu ameshika mdomo wake kwa kidole kuonyesha jino linalomuuma. Kuna mwingine anatoa mwiba mguuni. Na kuna kisa kizima cha wezi wa zabibu: wanachuma, wanagunduliwa, mwenye shamba anampiga mmoja kichwani. Vimechongwa zaidi ya miaka 800 iliyopita na uchungu wa jino ni ule ule.

Upande wa kaskazini kuna saa ya ukutani ya karibu mwaka 1390. Uso wake una saa 24 na dunia imewekwa katikati, jua linaizunguka, ndivyo walivyoamini. Kila robo saa mashujaa wadogo wa mbao wanatoka juu yake wanapigana kwa farasi, na ni yule yule mmoja anayeangushwa kila mara. Mtambo wake wa awali uko London, Science Museum. Hapo hapo karibu ndipo zinapoanzia ngazi za Chapter House, ukumbi wa mikutano wa mapadre wa kanisa, zimelika kwa nyayo mpaka zinaonekana kama mawimbi. Hizo mama asizipande. Mwache kwenye kiti anasubiri mashujaa, wewe panda mara moja uone chumba chenye nguzo moja katikati inayotawanya mbavu 32 darini, kilikamilika 1306.

Kuhusu ibada: mgeni yeyote anaruhusiwa, na ibada haina kiingilio hata kidogo. Kutembelea ndiko angalia bei kwenye tovuti yao kabla ya kwenda. Ibada ya jioni siku za kazi kwa kawaida ni saa 11 na robo, lakini hakikisha ratiba ya wiki hiyo, na usije wakati wa likizo ya shule kwa sababu watoto wa kwaya wanakuwa wamefunga. Ibada hiyo ndiyo sababu hasa ya safari yenu. Ukiipanga safari irudi saa 9 ili uwahi basi, utakuwa umempeleka mama kuona kuta.

Kwa usafiri, basi namba 376 linatoka Bristol moja kwa moja, mwendo kama wa saa moja, na linawashusha mjini penyewe, na mji ni mdogo. Ukiondoa City of London, hakuna jiji dogo kama hili England nzima. Angalia basi la mwisho la kurudi kabla hamjatoka nyumbani.

Jumatano umebahatisha, ni siku ya gulio pale Market Place (siku nyingine ni Jumamosi). Nunueni jibini, cheddar yenyewe ina asili yake kijiji cha jirani. Na mkiteremka barabara kuu mtaona maji safi yanapita mferejini kando ya njia. Yanatoka chemchemi zilizo kwenye bustani ya askofu, Bekynton aliwapa wenyeji ruhusa ya kuyatumia mwaka 1451. Handaki la maji linalozunguka nyumba ya askofu mnaweza kulitembea kwa nje bure, njia ni tambarare, madawati yapo. Mabata maji wakubwa weupe wa pale wamefundishwa kuvuta kamba ya kengele wakitaka chakula.

Mavazi: mwezi wa tano nje kunaweza kuwa na jua, ndani ya mawe ni baridi. Sweta na kitenge cha kufunika magoti.

Mwana_wa_Nyanza

Nimesoma yote, Mama Tumaini ubarikiwe. Naongeza kidogo tu kwa atakayekuwa na gari. Huko huko Somerset, kijiji cha Dowlish Wake, ndipo alipozikwa John Hanning Speke, aliyefika kwetu Mwanza mwaka 1858 akaliita ziwa letu jina la malkia wake. Nilikwenda, nikasimama pale nikiwa Msukuma niliyezaliwa ufukweni mwa ziwa lile lile. Kwa basi na mzee usijaribu.

Neema_Bristol

Mama Tumaini, nimempigia mama nikamsomea ujumbe wako wote, amenyamaza halafu akaniambia nirudie ile sehemu ya malaika. Kwa hiyo ni Wells, Kaka Wiltshire utanisamehe. Ana swali moja: Kiingereza chake ni kidogo. Ataweza kufuata ibada? Na ataweza kuimba nao?

Kaka_Wiltshire

Hakuna cha kusamehe dada. Akija tena, Salisbury ipo.

Mama_Tumaini

Mwambie aje na kitabu chake cha sala. Ibada ile ni Sala ya Jioni ile ile aliyokua nayo Magila, mpangilio haujabadilika: zaburi, somo la Agano la Kale, wimbo wa Mariamu, somo la Agano Jipya, wimbo wa Simeoni, Imani, kisha sala. Kwaya ikisimama baada ya somo la kwanza ajue ni "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana". Hatapotea hata mstari mmoja.

Kuimba nao, hapo mtayarishe mapema. Kwetu kanisa zima linaimba. Kule Sala ya Jioni wanaiimba kwaya, na waumini wanasali kwa kusikiliza, hasa siku za katikati ya wiki. Pengine kutakuwa na wimbo mmoja wa wote, pengine hakuna. Asidhani ametengwa. Imani wanaikiri wote, wakigeukia mashariki kwenye altare, na hapo aikiri kwa Kiswahili kwa sauti yake ya kawaida, hakuna atakayemgeukia vibaya. Mimi hufanya hivyo kila mara.

Fikeni saa 11 kasoro robo. Mwambie mhudumu wa mlangoni mnakuja ibadani na mama ana shida ya magoti, mwombe kiti ndani kabisa, kwenye safu za mbao zilizo upande na upande na kwaya. Wakikuweka huko unaziona hadi kurasa za nota za watoto, na sauti ya pili inatoka mita chache tu kutoka sikioni kwako.