Nimeumia vidole kazini, supavaiza anataka nisaini kwamba ni uzembe wangu. Bado naweza kudai fidia?

Swali

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa haraka maana Jumatatu natakiwa ofisini. Nafanya kazi ghalani upande wa mashine ya kufunga maboksi, wiki 3 zilizopita glavu yangu ya kulia ilinaswa na rola ikaenda na vidole viwili, cha kati kimevunjika mfupa na cha shahada kimekatika ncha pale kwenye kucha. Mwenzangu ndo aliwahi kubonyeza kitufe chekundu mashine ikasimama, bila yeye sijui ingekuwaje. Supavaiza alinikimbiza hospitali, akalipa yeye, na maelezo akatoa yeye maana mimi nilikuwa sijielewi kwa maumivu. Jana ndo nasoma ile karatasi ya hospitali naona imeandikwa "amebanwa na mlango". Nimelia jamani.

Sasa anataka nisaini maelezo kwamba nilipeleka mkono bila kuzima mashine, nikisaini napewa nusu mshahara mpaka nipone na mambo yaishe kimyakimya. Ukweli ni kwamba kweli sikuzima, boksi lilikwama nikataka kulivuta, na pale wote tunafanya hivyo kwa sababu ukizima idadi ya siku haifiki unagombezwa. Je kwa kuwa kosa ni langu haki yangu imeshapotea? Na nikidai si watanifukuza? Nina watoto wawili na huu ndo mkono ninaoutegemea.

Jibu la 1

Pole sana ndugu yangu, Mungu akuponye. Usisaini kitu kwanza, halafu soma yaliyonikuta mimi.

Niliumia mgongo nikishusha mzigo, bosi akaniambia kwa upole kabisa nenda kapumzike utapona tu, nikamheshimu nikanyamaza, kila mwezi nikawa najipa moyo kwamba unapungua. Ulipozidi ndo nikaenda kudai, nikaulizwa uliumia lini, saa ngapi, nani aliona, uliripoti kwa nani. Sikuwa na karatasi wala meseji hata moja, wawili waliokuwepo siku hiyo walishaacha kazi, na muda wa kudai ulikuwa umepita. Mpaka leo siwezi kuinama kumbeba mwanangu na sijawahi kulipwa chochote.

Kwa hiyo leo hii, usisubiri Jumatatu, andika ripoti yako mwenyewe hata kwa mkono wa kushoto au umwambie mtu akuandikie. Tarehe, saa, mashine ipi, ulikuwa unafanya nini, kiungo gani kimeumia, nani alikuwepo. Toa kopi, peleka moja wasaini na kugonga muhuri kwenye yako, wakigoma itume kwa barua pepe au hata meseji ili tarehe ibaki. Na uliza mapema siku ya mwisho ya kudai ni ipi, maana kuna nchi wanataka mwajiri ajulishwe ndani ya siku chache tu na dai lenyewe lina kikomo chake.

Jibu la 2

Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa muda mrefu na haya madai nimeyasindikiza mengi, acha nikutoe hofu kwenye lile la kosa.

Fidia ya ajali kazini kwenye nchi nyingi haiangalii nani kakosea. Ndo msingi wake tangu Ujerumani walipotunga sheria ya bima ya ajali mwaka 1884 wakawabebesha waajiri gharama, Uingereza nao wakafuata na yao 1897. Kabla ya hapo mfanyakazi alitakiwa aende mahakamani athibitishe uzembe wa tajiri, na tajiri akisema "na wewe ulizembea" mtu anarudi nyumbani na kilema chake. Linaloulizwa sasa ni moja, je uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi? Wewe ulikuwa unavuta boksi la kazi, saa za kazi. Kinachoweza kukuharibia ni mambo kama kujiumiza makusudi au ulevi, kuvuta boksi lililokwama si mojawapo.

Hiyo karatasi ya supavaiza sasa. Sheria nyingi za fidia hazitambui makubaliano ya mfanyakazi kuachia haki yake, lakini hata hivyo usisaini, kwa sababu itatolewa kama ushahidi na utakuwa unapigana na sahihi yako mwenyewe.

Na hiyo "nusu mshahara" usiione kama hisani. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, kwa nchi zilizouridhia unaweka kiwango cha chini asilimia 60 ya kipato, ukipigiwa hesabu ya mfanyakazi mwenye mke na watoto 2, na matibabu yanalipwa mbali na hiyo. Tena hayo ni malipo ya muda ambao huwezi kufanya kazi tu. Kidole kilichokatika hakioti, kwa hiyo kuna fidia nyingine ya ulemavu wa kudumu, inapimwa na daktari kwa asilimia baada ya kidonda kutulia. Ukikubali mambo "yaishe" leo hiyo umeiacha mezani kabla hata hujapimwa. Tunza slipu zako zote za mshahara na za ovataimu pia, kipato chako cha kabla ya ajali ndo kinapigiwa hesabu.

Kufukuzwa kwa sababu umedai ni kosa sehemu nyingi. Siwezi kukuambia hawatajaribu, nimeona wakijaribu, ndo maana nasema kila kitu kiwe kwenye maandishi.

Jibu la 3

Mimi niko upande wa kumbukumbu za hospitali. Hilo la mlango lisikukatishe tamaa ila lishughulikie haraka. Rudi kwa daktari yuleyule, mweleze kwa mdomo wako kwamba ni rola ya mashine na ni kazini, muombe aongeze maelezo mapya kwenye faili yenye tarehe ya leo na sababu kwa nini ya mwanzo hayakutoka kwako. Hatafuta yale ya mwanzo na usimuombe afute, faili iliyofutwafutwa haiaminiki. Kidonda chenyewe kinakusemea, glavu ikivutwa na rola ngozi inachunika kuelekea kwenye ncha, mlango unaponda tu. Omba na picha ya eksirei.

Jibu la 4

Achana na fidia, wapeleke mahakamani moja kwa moja utapata nyingi zaidi.

Jibu la 2 (tena)

Hapana, usimpeleke mwenzetu huko bila kumwambia yote. Mifumo mingi ilijengwa kwa makubaliano kwamba mfanyakazi analipwa bila kuthibitisha kosa, na mwajiri naye hashtakiwi kwa uzembe wa kawaida. Nchi nyingine zinaruhusu zote mbili. Aulize mwanasheria wa kazi kwanza, lakini dai la fidia lisisimame hata siku moja likisubiri kesi.

Aliyeuliza

Asanteni sana ndugu zangu. Ripoti nimepeleka, supavaiza kakataa kusaini nikaituma kwa barua pepe kwake na kwa ofisi ya utumishi palepale nikiwa nimesimama mlangoni. Daktari kaongeza maelezo, kaandika "rola ya mashine, kazini", kopi ninayo. Yule mwenzangu aliyebonyeza kitufe amekubali kuandika alichoona, na amenitumia picha ya mashine ilivyo leo, ile kinga ya juu ya rola ambayo haikuwepo tangu nianze kazi imerudishwa, bolti zake mpya zinang'aa. Hii picha inanisaidia?

Jibu la 2

Kwa fidia si lazima, ila itunze. Mkaguzi wa usalama kazini ndo aione, na mwenzako aandike tarehe aliyoipiga.