RTX 4060 ni ileile, mbona yangu nyembamba inachoka mapema?

Mhariri_Makorora
Wakuu, habari za jioni. Nahariri video za harusi hapa Tanga, 4K, kwa DaVinci Resolve. Laptopu yangu ni nyembamba, ina RTX 4060, ile kadi ya picha ya Nvidia. Ikianza kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, inakimbia, halafu spidi inashuka, feni zinavuma na juu ya kibodi hapashikiki. Mwenzangu ana nene yenye RTX 4060 hiyohiyo, na ananiacha mbali. Niiuze?

Fundi_Ngamiani
Usiuze kwanza dada. Jina la kadi halitoshi mpaka ujue wati. Nvidia inamruhusu mtengenezaji kuipa RTX 4060 ya laptopu kuanzia wati 35 hadi 115, na wa nyembamba hubana kwa kuwa hana pa kulitolea joto. Fungua Nvidia Control Panel, taarifa za mfumo, usome kiwango cha juu cha nguvu. Mwenzako naye asome yake.

Kingine, mashine hizi mara nyingi prosesa na kadi hupozwa na mabomba yaleyale ya shaba. Prosesa ikifika nyuzi 95, kadi inabebeshwa joto lisilo lake. Ndiyo maana mimi huanza na prosesa: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango chake cha juu kutoka asilimia 100 hadi 99. Turbo, ile spidi ya ziada ya prosesa, inazimika.

Kisha ingia MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, ushushe volti ya kadi kidogo kidogo huku ukijaribu. Nguvu hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo zile wati za mwisho zinaleta joto jingi na spidi haba. Napenda kadi itulie kwenye spidi ya kati saa nzima kuliko ipae dakika tano kisha ianguke. Mteja anasubiri video nzima, hasubiri dakika tano za mwanzo.

Na tukumbuke tuko Tanga. Feni inapoza kwa hewa ya chumbani. Mwezi wa pili chumba kina nyuzi 32, mashine inaanzia hapo. Inua nyuma yake, usiiweke juu ya kitambaa.

Mchoraji_Bagamoyo
Kwenye volti niko nawe fundi. Ila hiyo 99, mimi natumia Blender, programu ya michoro ya 3D, na simulesheni za maji zinategemea prosesa. Ukizima turbo unasubiri sana.

Fundi_Ngamiani
Kweli kabisa mdogo wangu, kwa kazi yako iache iwake. Ya dada inaegemea kadi. Naye akiwa anakata na kupanga vipande aiwashe, aizime wakati wa kurenda tu.

Mhariri_Makorora
Yangu inasoma wati 60, ya mwenzangu 115! Nimezima turbo, renda ya leo haikushuka katikati, kadi imetulia nyuzi 78. Bado sijafikia spidi ya mwenzangu, lakini video ya Jumatatu itatoka. Sasa nibadilishe na pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kipoza?

Fundi_Ngamiani
Hizo 115 hutazipata kwenye mwili ule, usizikimbilie. Pesti isubiri, anza na feni. Huku kwetu pwani vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi linaganda kwenye mapezi ya shaba, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, kupuliza peke yake hakulitoi. Zima, chomoa betri ndani, tumia brashi laini kavu, na ushike feni isizunguke unapopuliza. Ukiona mapezi yameota kijani nitumie picha kabla hujagusa kitu.