Umekula hela yangu ya kigari cha nyaya, halafu unaniambia "panda ngazi, itakusaidia"??

Binti_Mtulivu (mleta uzi)

Wakuu, leo sina salamu. Naandika nimelala chali, miguu nimeiegemeza ukutani, na simu hii ikinidondokea usoni hilo nalo namwandikia yeye.

Mnamjua. Jina sitaji kwa sababu atasema namchafua, na kwa sababu hakuna Mswahili aliyewahi kusoma Gujarat asiyemjua. Yule yule, mratibu wa safari zetu. Wa filimbi. Wa "ada ya uratibu".

Tangazo la safari ya Ambaji, kule kwenye hekalu la Mama Amba, mungu wa kike wa Wahindu, lilisema basi kutoka Ahmedabad, chai, chakula cha mchana, na kigari cha nyaya kupanda na kushuka kile kilima cha Gabbar. Nikalipa. Jina langu lilikuwa la KWANZA kwenye orodha, nendeni mkaangalie.

Hekaluni sina neno. Tumevua viatu, tumepanga foleni na watu wanaoitikia "Bol mari Ambe, jai jai Ambe" mpaka mwili unasisimka. Wenzangu wakawa wanatafuta sanamu ya Mama Amba. Hakuna sanamu. Kuna yantra, yaani mchoro mtakatifu, na hiyo yantra haionyeshwi kwa mtu, eti hata anayeihudumia hufungwa macho. Nikasema sawa, Mama kaamua kutojionyesha, kuna watu kwenye basi letu wangeiga. Nikala mohanthal yangu, ile tamu wanayogawa hekaluni, samli inachuruzika kidoleni, roho kwatu.

Basi, tukaenda Gabbar. Ni kilomita chache tu kutoka mjini. Dirisha la tiketi. Mheshimiwa anahesabu vichwa. Anahesabu tena. Anapuliza filimbi (kwa nini? nani kapotea?). Tiketi imepungua moja. Akalitazama kundi zima, vijana wa mpira wamo, yule wa mbio ndefu yumo, macho yakazunguka weee yakaja kutua kwangu. Akatabasamu.

"Dada yangu, wewe panda ngazi. Itakusaidia."

ITAKUSAIDIA.

Mbele ya watu. Mbele ya yule kaka wa uhandisi, wanaojua wanajua. Basi zima likacheka, hata dereva ambaye Kiswahili hajui alicheka.

Ngazi za Gabbar ni 999. Siyo elfu, mia tisa tisini na tisa, kama bei ya viatu. Kwenye mia mbili nikawa napanga maneno ya kumwambia nikifika juu. Kwenye mia tano nikawa nimesahau jina la mama yangu. Bibi mmoja wa Kigujarati, peku, sari kaifunga kiunoni, akanipita akiimba. Akarudi akanipa maji. Akanipita tena!

Halafu kigari kikapita juu ya kichwa changu. Wamo ndani, wananipungia mikono. Na yeye anapuliza filimbi. Filimbi, wakuu, ANGANI.

Nilipofika kwenye ule mwali wao usiozimwa, akhand jyot, watu wanaomba watoto, kazi, afya. Mimi dua iliyonitoka nikiiandika hapa uzi unafungwa.

Hela yangu hajarudisha. Lakini hata hela siiulizi sasa. Nauliza: KUNISAIDIA NINI? Mtu mzima unakaa unamwambia mwenzio "itakusaidia"? Na lile tabasamu?

---

Kisiki_cha_Mpingo
Nawahi siti ya mbele.

Mzaramo_Halisi
Kwa hiyo imesaidia au haijasaidia? Tunataka mrejesho.

Binti_Mtulivu
@Mzaramo_Halisi nenda kule.

Kisiki_cha_Mpingo
Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya ngazi ya 500, ile ya kusahau jina la mama.

Mnairobi_Rajkot
Pole dada, lakini huyo jamaa mimi alinifanyia mbaya zaidi. Kilima cha Chotila, hekalu la Chamunda Mata. Pale ni ngazi mia sita na kitu, kigari hakikuwepo, kwa hivyo hangeniibia hiyo. Akatupeleka jioni! Kule kilimani usiku halali mtu, hata pujari, kuhani wao, hushuka giza likiingia. Tukafika nusu, watu wote wanashuka, sisi ndio tunapanda kama wezi. Na alikuwa amechukua "ada ya uratibu". Uratibu wa nini?

Binti_Mtulivu
@Mnairobi_Rajkot lakini alikuambia ITAKUSAIDIA? Mbele ya watu?

Mnairobi_Rajkot
Hapana, mimi ni mwembamba.

Mzaramo_Halisi
😂😂😂 uzi ufungwe

Fundi_wa_Mwanza
Ngazi 999 ndiyo ya kuletea uzi? Dada, mlima Girnar pale Junagadh ni karibu ELFU KUMI. Nilipanda usiku, nikafika kwa Amba Mata asubuhi, nikadhani nimemaliza. Kumbe ile ni kama nusu ya safari, hekalu la Dattatreya bado liko mbele na njia inashuka kwanza ndipo ipande tena. Nililia kwa sauti.

Kisiki_cha_Mpingo
Girnar si kuna kigari?

Fundi_wa_Mwanza
Kigari kimeanza Oktoba 2020. Mimi nilipanda kabla. Nyie watoto mmekuta mteremko.

Mpemba_wa_Vadodara
Ngojeni. Amba Mata wa Girnar na Ambaji ya mleta uzi ni hekalu moja au mawili?

Fundi_wa_Mwanza
Moja.

Mtoto_wa_Upanga
Mawili, jamani! Ambaji yenyewe iko Banaskantha, kaskazini, ukitoka kidogo tu uko Rajasthan. Ile ya Girnar ni hekalu lingine la Amba, huko Saurashtra. @Fundi_wa_Mwanza umepanda elfu kumi bila kujua uko kwa nani?

Fundi_wa_Mwanza
Nilikuwa nalia, nimeshasema.

Mtoto_wa_Upanga
Na nikiwa nimeshaingia niseme. Sisi Wahindu wa Dar tukienda India, bibi hakubali turudi bila kupita Ambaji. Zile ngazi watu wanapanda kwa nadhiri. Ikifika Bhadarvi Poonam, sikukuu ya mwezi mpevu, kuna wanaotembea kwa miguu kutoka Ahmedabad mpaka pale, zaidi ya kilomita 170, bendera begani, wanaimba. Wewe unatulilia ngazi mia tisa na maji umepewa!

Binti_Mtulivu
Hao wameweka nadhiri. Mimi nimelipia KIGARI.

Mtoto_wa_Upanga
Hapo sawa. Ila mkitaka kujua hasira ni nini, ulizeni Machi 2023 walipoondoa mohanthal wakaleta chikki. CHIKKI! Karanga na sukari guru! Unga wa dengu na samli vya miaka yote eti basi. Gujarat nzima iliwaka, wakairudisha mwezi huo huo. Bibi yangu alikuwa anafuatilia kutoka Upanga kama fainali ya kombe.

Mpemba_wa_Vadodara
Mohanthal kitu gani, ile ni halua iliyokatishwa masomo.

Mtoto_wa_Upanga
Utani mwingine mkauache Pemba.

Mwanafunzi_Mwema (amejiunga leo, ujumbe 1)
Habari zenu. Mimi ni mwanafunzi wa kawaida tu. Nadhani tusimhukumu mratibu bila kusikia upande wake. Anajitolea sana kwa ajili ya wenzake, bei za tiketi hubadilika, na ushauri wa kufanya mazoezi ulitolewa kwa nia njema.

Kisiki_cha_Mpingo
Karibu Mheshimiwa.

Mzaramo_Halisi
Puliza filimbi tukujue.

Binti_Mtulivu
MAZOEZI!! Mmeona?! Amesema MAZOEZI! Kumbe ndicho alichomaanisha!

Mnairobi_Rajkot
Dada, wewe ulidhani alimaanisha nini?

Mpemba_wa_Vadodara
Mimi mtu huyu alinipeleka mlima Pavagadh, hekalu la Kalika Mata. Karibu na sisi, nikasema hapa hakuna wizi. Basi likatuacha Machi (siyo mwezi, ni kituo pale mlimani), kigari kipo, akasema kimefungwa. Huku nakiona kinapanda! Halafu kule juu akatuhutubia kwamba Champaner ni mji uliojengwa na Waingereza.

Fundi_wa_Mwanza
Waingereza wapi? Champaner ameiteka Sultani Mahmud Begada mwaka 1484 akaifanya makao yake. Ile misikiti ya mawe pale chini ni ya nani? UNESCO wameuweka mji na mlima kwenye orodha yao 2004.

Mpemba_wa_Vadodara
Kumbe mlima unaujua, hekalu ndio hujui.

Mzaramo_Halisi
Ngazi, ngazi, ngazi. Mimi nimeibiwa viatu nje ya hekalu nikarudi hosteli na soksi. Hilo halina uzi?

Kisiki_cha_Mpingo
Fungua wako.

Mnairobi_Rajkot
Mnalalamikia viatu na hosteli yetu ni dal Jumatatu hadi Jumatatu? Nilileta dagaa, walipopashwa moto mlinzi akaja na meneja na jirani wa ghorofa ya nne. Siku hizi naota omena.

Mtoto_wa_Upanga
Dagaa kwenye hosteli ya Kigujarati 😭 una roho ngumu.

Fundi_wa_Mwanza
Jamani, kuna mtu ana sembe? Ule unga wa hapa ukisonga unakuwa uji wenye kiburi.

Mpemba_wa_Vadodara
Kuna dada Vadodara kaleta juzi, lakini anauza kwa bei ya dhahabu.

Binti_Mtulivu
Wakuu, hela yangu ya kigari...

Fundi_wa_Mwanza
Bei gani kwa kilo?

Mpemba_wa_Vadodara
Nikuulizie. Ukichukua nyingi anapunguza, tuchange.

Mnairobi_Rajkot
Mimi niko ndani. Wa Rajkot mtatutumia kwa basi?

Binti_Mtulivu
Niwekeeni kilo mbili. Dagaa hana?