Mmenila milioni na laki mbili mkisema mota imekufa, kumbe oili ya giaboksi mlimwaga nyie wenyewe!

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha. Gereji sitaitaja jina ili uzi usifungwe ila wenyewe wakisoma watajijua, na wewe mwenye gari la umeme hapa Dar soma mpaka chini maana haya yanaweza kukukuta hata wiki hii.

Gari yangu ni ndogo ya umeme, niliagiza Japani ikiwa imeshatumika. Miaka miwili sijawahi kuijutia, Kimara mpaka Posta kila siku, nachaji nyumbani kwa LUKU. Mwezi wa tatu raba ya sivijointi ya kulia, kile kiungio cha shafti inayozungusha tairi, ikachanika ikawa inatapika grisi, nikapeleka gereji moja ya kisasa, vigae chini, mafundi wamevaa ovaroli zinafanana, nikasema hapa ndio penyewe. Wakachomoa shafti, wakabadilisha raba, wakarudisha, nikalipa nikaondoka.

Wiki kama sita baadaye ikaanza sauti. Mluzi mwembamba, unaanza kwenye mwendo wa 40, ukifika 60 unakuwa kama mashine ya kusaga iko mtaa wa pili, na ukiachia pedali ndio unazidi. Wife akausikia kabla yangu akaniambia baba fulani hii gari inalia, nikamwambia ni tairi. Baada ya siku tatu nikakubali kwamba sio tairi.

Nikarudi palepale. Kosa langu la kwanza hilo.

Bosi wao hata hakutoka ofisini, akaniambia hiyo ni spika ya kuwaonya watembea kwa miguu. Wakuu, hiyo spika naijua. Japani walitoa mwongozo wake tangu 2010 kwa sababu magari haya yakienda polepole hayasikiki na wasioona wanagongwa, na Ulaya tangu 2019 modeli mpya ni lazima iwe nayo chini ya kilometa 20 kwa saa. Inalia gari ikiwa TARATIBU, ukichanganya mwendo inanyamaza maana tairi zenyewe zinatosha kusikika. Yangu inaanza kulia kwenye 40! Nilimwambia hivyo hivyo, akanijibu "wewe ni fundi au mteja".

Wakachomeka mashine yao ya kupimia. Hakuna kosa hata moja. Hapo mtu mwenye akili anajiuliza mbona gari inalia na mashine haisemi kitu? Jibu ni kwamba mashine inasoma sensa tu, inajua joto la mota, umeme unaopita, rota imekaa engo gani, lakini beringi haina sensa na gia haina sensa. Mashine haina masikio. Wao wakaona hakuna kosa, wakaruka moja kwa moja wakaniambia magneti za mota zimeungua, inatakiwa mota nzima, milioni saba na nusu, tanguliza tatu.

Nikatoa. Nitaliambia nini jukwaa, nilikuwa naitaka gari yangu.

Lakini hebu fikirieni. Magneti ikipoteza nguvu gari inakosa mvuto, inakula umeme mwingi, inachemka. Yangu ilikuwa inavuta vilevile kupanda Kimara, chaji inaisha kwa kilometa zilezile, joto la kawaida. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza hayo, na hakuna hata MMOJA aliyeiendesha barabarani. Siku 19 gari imekaa pale na hakuna mtu aliyeitoa hata mita mia akaisikilize!

Siku ya 12 nilienda bila kupiga simu. Nikakuta kijana kafungua kifuniko cha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwenda kwenye mota, hana glavu, na plagi ya sevisi ya betri, ile ya kukata umeme kabla ya kufungua, iko mahali pake haijachomolewa. Wakuu hizo nyaya za rangi ya chungwa zina volti 350 na zaidi za DC, na hata ukiichomoa plagi kuna kapasita ndani zinabaki na umeme, watengenezaji wengi wanataka usubiri kama dakika 10 ndio uguse. Yule mtoto wa watu angekufa pale mbele yangu. Nikamwambia mdogo wangu toka hapo, akanishangaa, kumbe hajawahi kuambiwa na mtu. Hilo linaniuma kuliko hela. Na betri niliyoiacha na asilimia 60 nikaikuta ina 8, wamekuwa wakipumzika ndani na AC inaunguruma.

Siku ya 19 nikaivuta na brekidauni. Katika milioni tatu wakanirudishia moja na laki nane, iliyobaki eti upimaji na maegesho.

Shemeji yangu ndio akanipeleka Buguruni kwa mzee mmoja anasuka mota za pampu za visima. Gari la umeme hajawahi kufungua na alinieleza hivyo mwanzo kabisa, shikamoo haijapoa akasema "mwanangu mimi hii siijui, ila mota ni mota, tukaisikilize kwanza ikiwa njiani". Yaani sentensi hiyo tu ningeipata mwezi mmoja kabla!

Tukatoka Jumapili alfajiri, barabara ya Kimara kwenda Kibaha ikiwa nyeupe. Nafika 60 akaniambia weka N, yaani nyutro, iserereke. Hapa ndio patamu, nyingi ya gari hizi hazina klachi wala gia za kubadilisha, mota imeungana na tairi muda wote, ukiweka N umeme wa kusukuma unakatika lakini mota na giaboksi vinaendelea kuzunguka. Kwa hiyo kama kilio kinatoka kwenye umeme, inveta au koili, ukiweka N kinanyamaza au kinapungua sana. Yangu iliendelea kulia vilevile, ikishuka taratibu kadiri mwendo unavyopungua. Mzee akasema umeme wake uko salama, kuna chuma kinaumia humu.

Akaniambia yumbisha kidogo kushoto na kulia. Beringi ya tairi mbovu inabadilisha sauti ukiilemea, yangu haikubadilika. Tukapita kwenye lami laini na ya kukwaruza, haikubadilika, tairi nazo zikatoka kwenye kesi. Mjukuu wake alikuwa nyuma na simu, ana programu inayochora sauti kwenye skrini, kwenye 60 kuna mstari umesimama karibu na hezi 1,140, yaani mitetemo 1,140 kwa sekunde, kwenye 30 mstari uleule umeshuka nusu. Mlio wa inveta unakuwaga juu kabisa, maelfu ya hezi, na kwa kawaida haufuati mwendo hivyo. Huu ulikuwa unafuata tairi kama kivuli.

Tukarudi, gari juu ya stendi nne, tairi zinazunguka polepole, mzee akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bodi ya mota na mpini sikioni. Mota kimya. Akahamia kwenye giaboksi upande wa shafti ya kulia, akakunja uso, akanipa na mimi nisikilize. Mtu asinidanganye kwamba kipimo ni mashine ya mamilioni.

Sasa sikieni. Akafungua nati ya kumwagia oili. Giaboksi hii inatakiwa lita moja na kidogo, ilitoka HAIJAI GLASI, nyeusi, na kwenye sumaku ya nati kuna unga wa chuma unang'aa. Akapangusa ilipoingilia shafti ya kulia, mdomo wa sili, ile raba ya kuzuia oili isitoke, umekatwa. Haujachakaa, umekatwa, mkato mbichi wa mtu aliyeirudisha shafti kwa kuilazimisha bila kuipanga, na hiyo shafti miaka miwili haijaguswa na mtu mwingine zaidi ya hao wa vigae! Oili ikawa inavuja kidogo kidogo, sahani ya kukinga chini ya gari inaizuia isidondoke nikaiona, beringi ya shafti ya kwanza ndani ya giaboksi, ile inayopokea mzunguko wa mota, ikakauka ikalegea, meno ya gia yakaanza kukutana upandeupande ndio mluzi wenyewe. Walipoifungua sahani ya chini siku 19 zile lazima waliona imelowa oili. Kwa hiyo ama hawajui, ama waliona wakanyamaza, na yote mawili ni dhambi.

Plagi ya sevisi tulichomoa, tukanywa chai, ndio tukafungua. Gia ya hiyo shafti ya kwanza ina meno 17. Mjukuu akapiga hesabu, tairi ikizunguka mara moja inakwenda kama mita mbili, kwenye 60 ni karibu mizunguko nane na nusu kwa sekunde, mota inazunguka karibu mara nane zaidi yake, zidisha kwa 17, inakuja palepale kwenye 1,140. Nilitamani bosi yule awepo aone.

Beringi mbili, sili zote, oili mpya, laki mbili na arobaini. Ufundi mzee kaniomba laki mbili, nikampa tatu. Juzi nimepita Ubungo na 60, kioo chini, nasikia upepo na daladala za watu.

Nawaomba msianze na zile za "rudi kwenye petroli". Gari haina kosa. Sili iliyokatwa ingekausha giaboksi ya gari lolote, ila kwenye la petroli wangepima oili kwanza, kwenye la umeme wanaona mteja hajui wanamuuzia mota.

Risiti za mwezi wa tatu na za hizo siku 19 ninazo, sili niliyotoa nimeihifadhi kwenye mfuko, video ya N ipo na chupa ya ile oili ipo. Jumatatu saa tatu asubuhi nipo kwao nadai laki kumi na mbili zangu, wakikataa natoka hapo naenda Tume ya Ushindani. Aliyewahi kupeleka lalamiko la gereji pale aniambie alienda na karatasi gani, na mwingine aliyetengeneza kwa hao hao mwaka huu akaanza kusikia mluzi, chungulia chini ya shafti ya kulia leo leo kabla hujaendesha tena.