Nina digrii ila nimeridhika na ufundi mashua Bagamoyo, je nimepotea? Naombeni ushauri

Wakuu habari za jioni. Nina miaka 33, naishi hapa Bagamoyo, Dunda. Nilimaliza uhasibu 2016 nikafanya kazi Dar miaka minne, mshahara haukuwa mbaya ila natoka home saa kumi na moja alfajiri narudi saa tatu usiku mtoto kashalala. Baba mdogo ambaye ni fundi mashua akaumwa mgongo, nikaomba likizo nije nimsaidie kumalizia dau la mteja, na likizo yenyewe ndo mpaka leo sijarudi.

Sasa hivi nakalafati mwenyewe, yani nasokota pamba naichovya mafuta naigongelea kwenye maungio ya mbao kwa patasi na nyundo, mdogo mdogo, maana ukizembea pa kiasi cha ukucha tu chombo kinakunywa maji. Siku ya kushusha tunasubiri bamvua, yani maji yakijaa sana, watu wanavuta kamba wanaimba, kikishaelea naingia ndani napapasa mbao za chini kwa kiganja. Nikikuta pakavu, wallahi ile raha sikuwahi kuipata hata siku ya mshahara.

Hela ni ya msimu, mwezi huu laki nane, ujao laki mbili. Tunakula, mtoto anasoma, sidaiwi. Shida ni mama. Kwenye shughuli za familia akiulizwa habari zangu anajibu "yupo yupo tu", na hilo neno linaniuma jamani. Sasa nimetafutiwa kazi Dar, milioni na laki mbili, wanataka jibu Ijumaa. Haya ni mafanikio au najifariji?

mwana_mwambao: Chukua kazi mkuu. Raha haina bima ya afya, na mgongo wa baba mdogo si umeuona? Ukiumwa wewe nani atagonga hizo pamba?

fundi_nondo: @mwana_mwambao una hoja ila NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, wanapokea hata waliojiajiri, anachangia mwenyewe. Mtoa mada we si mhasibu, kaa chini andika miezi 12 iliyopita, umeingiza ngapi, halafu kwenye hiyo ya Dar toa kodi na nauli uone kinachobaki. Usiamue kwa maneno ya shughulini.

mama_wawili: Mwanangu, umetueleza anachosema mama, hujatuambia kama umewahi kumpeleka pwani akakuona kazini. Wangu anachonga milango, nilikuwa naona haya kumtaja mpaka siku nimekaa barazani kwake kutwa nzima, watu wazima wanaingia wanamwita fundi kwa heshima zote. Mama hakudharau, hajui tu aseme nini.

Mtoa mada: Shikamoo mama, nimekaa na maneno yako usiku kucha. @fundi_nondo nimepiga hesabu, wastani laki tano na ishirini kwa mwezi, ya Dar ikishatolewa kodi, nauli na kula nje inabaki juu kidogo tu ya hapo, na mtoto simuoni. @mwana_mwambao la mgongo nimelichukua, mwezi huu naanza kuchangia na natafuta kijana wa kumfundisha. Kazi nimewajibu asanteni. Jumapili tunashusha mashua ya futi 24, nimempigia mama nikamwambia njoo uone, akanyamaza weee, halafu akaniuliza huko pwani avae kanga ipi.