Chuo kilitupa kitabu cha 2024, mtihani ukasahihishwa kwa kitabu cha 2026. Nimefeli kwa swali moja

Wakuu, nimekaa na jambo hili wiki mbili nikiamini chuo kitajirekebisha chenyewe. Leo nimepewa karatasi ya kulipia mtihani wa marudio, 250,000, mwisho Ijumaa. Nimeshindwa kunyamaza. Chuo sikitaji jina kwa sababu vyeti vyangu vya kidato cha nne bado viko kabatini kwao.

Kozi ni ya bidhaa hatarishi, ile ambayo ukifika kwenye maghala ya mizigo uwanja wa ndege kila mtu anaiita DGR. Bila cheti chake hakuna atakayekuruhusu kupokea mzigo wa aina hiyo kaunta, na ukishakipata kinadumu miezi 24 tu, halafu unarudi tena darasani. Kitabu chake kinatolewa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kila mwaka toleo jipya, na linaanza kutumika 1 Januari. Mwaka 2024 lilikuwa toleo la 65. Mwaka huu 2026 ni la 67. Naomba mzishike hizo namba mbili, shida yote iko hapo.

Mtihani wenyewe ni wa kufungua kitabu. Hukariri, unatafuta. Maswali 50, kufaulu ni 80 kwa mia. Sheria za mtihani tumekabidhiwa asubuhi ileile ya mtihani, saa mbili na dakika arobaini, tukiwa tumeshasimama mstari kwenye korido. Karatasi moja, mbele na nyuma. Miezi yote ya masomo hakuna aliyetuonyesha. Humo ndani imeandikwa: hakuna fotokopi, hakuna simu, hakuna tableti, ni kitabu halisi tu, tena cha toleo linalotumika sasa.

Kitabu halisi kipi? Tulikuwa 28. Vitabu vya maktaba vilikuwa 6. Vyote sita ni toleo la 65, vina muhuri wa chuo, na msimamizi aliyetoka kutusomea ile sheria ndiye aliyevigawa kwa mkono wake. Mezani kwetu tulikuwa watano na kitabu kimoja. Dada niliyekaa naye anatafuta rangi ya kupaka, 1263 kwa namba za UN (namba za Umoja wa Mataifa zinazotambulisha kila bidhaa hatarishi), mimi natafuta kitu kingine kurasa hamsini mbele, kaka wa pembeni anataka maelekezo ya ufungashaji. Kuzungumza hairuhusiwi, kwa hiyo tunaoneshana kwa kidole nani afungue wapi. Mmoja wetu alivuta kitabu kidogo, akaandikiwa onyo.

Sasa swali lililoniangusha. Mteja analeta pikipiki ya umeme, betri yake ni ya lithiamu ioni, taja namba ya UN. Nikafika zamu yangu, nikafungua zile kurasa za buluu zenye orodha ya bidhaa, nikateremsha kidole mpaka kwenye chombo cha usafiri kinachoendeshwa kwa betri: 3171. Nikaandika 3171. Nimekosa. Tangu toleo la 66, la mwaka 2025, vyombo hivyo vimetenganishwa: vya lithiamu ioni ni 3556, vya lithiamu metali 3557, vya sodiamu ioni 3558. Kwenye kitabu nilichopewa mimi, 3556 haipo. Ningekitafuta mpaka usiku nisingeiona. Na slaidi za darasani nazo zilikuwa na 3171, ninazo kwenye daftari langu.

Nimepata 39 kati ya 50. Hiyo ni 78. Swali moja hilo ndilo lingenifikisha 80.

Nakwenda kukata rufaa, naambiwa nimechelewa. Nyuma ya ile karatasi imeandikwa kwamba rufaa inapokelewa ndani ya saa 48 baada ya mtihani kumalizika. Matokeo wametubandikia siku ya tisa! Mtu anakataje rufaa ya matokeo ambayo hajayaona? Nilimuuliza mratibu swali hilo hilo, kwa heshima kabisa, nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Akanijibu, "Kitabu ni jukumu la mwanafunzi." Nikamtolea risiti ya ada, kuna mstari umeandikwa vitabu, 60,000. Akaiangalia, akanirudishia, akaniambia nikalipie marudio.

Kuna watakaosema nataka kubebwa. Hapana. Sipingi 80. Kwa kazi hii hata 80 naiona ndogo. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS iliruka kutoka Dubai ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu, moto ukawaka humo, moshi ukajaa chumba cha marubani mpaka wakashindwa kuona vifaa vyao, na wote wawili wakafa. Ndiyo maana sheria za betri zinabadilishwa kila mara. Tangu 1 Aprili 2016 betri za lithiamu ioni zinazosafiri peke yake, 3480, hazipandi ndege ya abiria kama mzigo. Na tangu Januari mwaka huu hata zile zinazofungashwa pamoja na kifaa chake zimewekewa lazima ya chaji isiyozidi asilimia 30, ukiacha zile ndogo sana. Hilo nalo kwenye kitabu cha 2024 halimo.

Kinachonitisha kuliko kufeli kwangu ni wenzangu waliofaulu. Wamepata 82, wengine 86, wamepewa vyeti, na wiki ijayo baadhi wanaanza kazi. Wao pia wamesoma 3171. Wao pia hawajaisoma hiyo asilimia 30. Kesho mtu anakuja na kreti la pikipiki ya umeme, anakutana na kijana mwenye cheti kipya na elimu ya miaka miwili nyuma.

Ninachotaka si alama ya bure. Jibu langu ni kosa, nakubali. Lakini kosa hilo nimefundishwa darasani nikalilipia, halafu nikapewa kitabu chenye kosa hilohilo nijibie mtihani. Chuo kinunue toleo la 67, vitabu vya kutosha, kiwarudishe darasani wote 28, hata waliofaulu, na mtihani wa marudio uwe bila malipo. Karatasi ya sheria itolewe siku mtu anapojiandikisha, na saa 48 za rufaa zihesabiwe tangu matokeo kutoka.

Nafahamu TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ndiyo inayoidhinisha vyuo vya namna hii. Mwenye uzoefu wa kupeleka malalamiko pale, barua inaelekezwa kwa nani na niambatanishe nini? Ninayo risiti, ile karatasi ya sheria, slaidi, na picha ya jalada la kitabu lenye muhuri wa chuo na mwaka 2024. Wenzangu kumi na mmoja wamekubali kusaini pamoja nami. Tuna mpaka Ijumaa.