Misali Jumamosi, In Shaa Allah

ALHAMISI

[06:12] Zuwena: Assalaam alaykum jamaa. Jumamosi kisiwani Misali, kuangalia ndege. Bamvuka hiyo, maji yanatoka sana na kujaa sana: saa nne maji makavu, adhuhuri yanaanza kujaa, ndege wote wanasukumwa juu ya fungu la mchanga. Bandari ya Wesha saa moja kamili. Elfu kumi na tano kila kichwa, nitumieni leo.

[06:13] Zuwena: Nahodha hatii mafuta ya ahadi.

[09:40] Zuwena: Naona mmesoma.

[09:52] Hamad: 👍

[09:53] Zuwena: Dole gumba si pesa, Hamad.

[10:20] Fatma Wete: Na mvua? Huku imepiga usiku kucha. Maboya ya kuvaa yapo mangapi?

[10:21] Hamad: Pilau anapika nani?

[10:22] Fatma Wete: 😂 si mimi

[10:24] Zuwena: Vuli hii, itanyesha tu. Mwaka jana tulirowa chapachapa na ndiyo siku tuliyowaona karibu wale ndege weupe wenye mgongo mweusi, wanavunja kaa kwa midomo. Mtoto mkubwa mzima anamfuata mama yake akililia kulishwa.

[10:25] Hamad: Suleiman huyo

[10:31] Suleiman: Niko kazini mnanitaja. Halafu ninga wapo kwenye mfenesi hapa nyumbani, mpaka tupande boti?

[10:33] Zuwena: Ninga wa Pemba hayupo popote pengine duniani, lakini yeye yupo kila siku. Hawa wa Misali ni wageni.

[11:05] Khalfan Maskati: Wametoka pande zetu hao. Wanazalia fukwe za Ghuba, wanachimba shimo mchangani, yai moja tu. Wakimaliza ndiyo wanashuka kwenu.

[11:06] Hamad: Watoke Maskati wasilete hata halua??

[11:08] Fatma Wete: 🤣🤣🤣

[11:30] Mama Mkubwa Raya: Kabla ya hiyo Misali. Darubini ya marehemu iko wapi?

[11:47] Zuwena: Mama mkubwa, hiyo tuiweke kando, tumalize boti.

[11:49] Mama Mkubwa Raya: Haiwekwi kando. Ilitoka kwangu ina kifuniko. Ikarudi haina, na jicho moja lina ukungu. Nikaambiwa mvua. Mara ya pili ikatoka, haijarudi mpaka leo.

[11:50] Ujumbe huu umefutwa

[11:51] Mama Mkubwa Raya: Nimeusoma.

[13:15] Zuwena: Jamani pesa. Nahodha kapiga simu mara mbili.

[16:58] Babu Mbarouk: 🎤 Ujumbe wa sauti 1:52

[17:20] Fatma Wete: Anasema nini? Simu yangu haichezi sauti

[17:26] Khalfan Maskati: Anasema: Zuwena mwanangu, maji yakijaa adhuhuri nyinyi mnarudi magharibi. Tanga mbili hii, pepo zinageuka, upepo hauna mwenyewe. Watoto wasipande. Na Misali ni msala wa kuswalia wa Nabii Khidhr, pale hakwendwi na ugomvi wa darubini.

[18:41] Zuwena: Tumesikia babu. Shikamoo.

[18:50] Hamad: Shikamoo babu

[21:30] Zuwena: Basi watoto hawaendi. Wakubwa wangapi?

[22:02] Zuwena: Au twende asubuhi tuwaone kwa mbali maji yakiwa makavu, adhuhuri tushang'oa nanga?

[22:40] Hamad: Pilau bado ipo lakini?

IJUMAA

[05:50] Fatma Wete: Huku mvua imekatika. Imepungua yaani. Maboya hamjanijibu.

[07:14] Suleiman: Zuwena nimekutumia ya mtu mmoja. Na darubini sinayo mimi.

[07:15] Mama Mkubwa Raya: Nani kasema unayo?